Walipokimbiza pikipiki juu ya mbao

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Wamarekani walifurika viwanjani kutazama vijana wakizunguka ukuta wa mbao kwa pikipiki zisizo na breki. Kilichowavuta watu huko ndicho hicho kilichowaua.

HEBU vuta picha hii, mpenzi msomaji. Ni usiku wa mwaka 1912 katika mji mmoja wa Marekani. Umelipa kiingilio langoni, umepanda ngazi za mbao ukisukumana na umati, na sasa umesimama kwenye ukingo wa kitu kinachofanana na bakuli kubwa mno. Hutazami mbele kama mtazamaji wa kandanda. Unainama na kutazama chini, kama mtu anayechungulia kisima. Taa za umeme zimewashwa pande zote. Huko chini wako vijana wachache waliovaa sweta nzito na kofia za ngozi, kila mmoja juu ya pikipiki nyembamba kama baiskeli.

Mara mngurumo unaanza. Mbao ulizozikanyaga zinatetemeka mpaka unausikia mtetemeko huo magotini. Pikipiki zinapanda ukuta moja baada ya nyingine, zinalala ubavu, na zinapita karibu na miguu yako zikitema moto na matone ya mafuta. Kabla hujameza mate, zimekwisha kuzunguka na kurudi pale pale. Mama aliye kando yako amefumba macho. Mvulana aliye mbele yako ameinama juu ya ukingo, kichwa kimetokeza upande wa pili, ili aone vizuri zaidi.

Mkumbuke mvulana huyo, kwani tutarudi kwake.

Uwanja kama huo ulikuwa na mzunguko wa robo maili, yaani mita 400 hivi. Huo ndio urefu wa uwanja wa riadha uujuao wewe, ule wa Nyayo au wa Kasarani. Mwanariadha hodari kabisa duniani huuzunguka kwa sekunde 43 au 44. Vijana hawa, wakienda mwendo wa kilomita 145 kwa saa, waliuzunguka kwa sekunde 10. Na baada ya hizo 10 walianza tena, na tena, bila kusimama.

BAISKELI NDIZO ZILIZOTANGULIA

Usidhani kwamba kuna mtu aliyeamka asubuhi moja akaamua kujenga ukuta wa mbao ili pikipiki zikimbie juu yake. La hasha! Mambo yalianza na baiskeli.

Katika miaka ya 1890, kabla ya magari kuenea, mbio za baiskeli zilipendwa Marekani na Ulaya kama kandanda ipendwavyo kwetu. Mashindano yalifanyiwa katika viwanja vya duara, na vingi vilitandikwa mbao. Sababu ni rahisi kueleza. Ubao ulioranda vizuri ni laini kuliko barabara yoyote ya zama hizo, unaweza kuinamishwa kwenye kona, na Marekani ilikuwa na misitu ya kutosha hivi kwamba mbao zilipatikana kwa bei nafuu. Ni mchezo huo uliomtoa Major Taylor, kijana mweusi kutoka Indianapolis ambaye mwaka 1899 alikuwa bingwa wa dunia, mtu mweusi wa kwanza kupata ubingwa huo katika baiskeli.

Mwaka huo huo wa 1899 lilitokea jambo lililowaacha watu vinywa wazi. Mwendesha baiskeli aitwaye Charles Murphy alidai kwamba angeweza kwenda sambamba na garimoshi. Watu walimcheka. Mwezi wa Juni, kampuni ya reli ya Long Island, karibu na New York, ilimtandikia mbao katikati ya reli mbili, akaingia nyuma ya behewa la mwisho na kukanyaga pedeli kwa nguvu zake zote. Alimaliza maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa sekunde 57 na nukta kadhaa. Tangu siku hiyo akaitwa Murphy wa maili kwa dakika.

Murphy hakuwa na uchawi. Alijua tu kwamba adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni upepo, na kwamba aliye nyuma ya kitu kikubwa hukingwa upepo huo. Siri hiyo ilijulikana pia viwanjani. Wenye mashindano walianza kutumia baiskeli kubwa zilizofungwa injini ili zitangulie mbele ya mshindani na kumkatia upepo. Tatizo ni kwamba injini hizo zilikuwa na kiburi cha punda. Zilizimika katikati ya mashindano, na watu wakazomea.

Hapo ndipo anapoingia Oscar Hedstrom, fundi mzaliwa wa Sweden. Baiskeli zake zenye injini hazikuzimika ovyo. George Hendee, bingwa wa zamani wa baiskeli aliyekuwa mfanyabiashara katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, alimwona na kumwomba amtengenezee moja ya kuuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 1901 wawili hao wakaanzisha biashara iliyozaa pikipiki maarufu ya Indian. Kwa hivyo waona, msomaji, kwamba pikipiki ya Marekani na uwanja wa mbao ni kama watoto wa nyumba moja.

Haukupita muda mrefu kabla ya watazamaji kugundua kwamba ile injini iliyotangulia mbele ilikuwa na msisimko kuliko baiskeli iliyoifuata. Basi wenye viwanja wakajiuliza, mbona tusiziache hizi injini zishindane zenyewe?

MZEE PRINCE NA MISUMARI YAKE

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa nyundo na misumari ni Jack Prince, Mwingereza aliyevuka bahari akiwa mshindani wa zile baiskeli za kale zenye gurudumu moja kubwa la mbele. Ujana ulipompita, aligeukia kazi ya kujenga viwanja vya mbao vya baiskeli. Injini zilipokuja, akavifanya viwanja vyake kuwa vikubwa zaidi na kuta zake kuwa za kusimama zaidi.

Mwaka 1909 alijenga mjini Los Angeles uwanja wa mbao uliokusudiwa pikipiki. Mwaka uliofuata, 1910, akishirikiana na Fred Moskovics, alijenga karibu na mji huo uwanja wa Playa del Rey. Huo ulikuwa duara kamili la maili moja na ndio wa kwanza wa mbao kujengewa magari, ingawa pikipiki nazo zilikimbia humo. Baada ya hapo, habari zilienea kama moto wa nyikani. Salt Lake City wakataka wao. Denver wakataka wao. Chicago, Milwaukee, Detroit, Atlanta na Newark vile vile. Viwanja hivyo viliitwa motadromu.

Ujenzi wenyewe haukuwa wa miaka. Mafundi waliweka nguzo na boriti, kisha wakapigilia mbao nyembamba zilizosimamishwa kwa ubavu, ubao ukikumbatiana na mwenzake, maelfu kwa maelfu. Juu ya ukuta wakaweka jukwaa la kusimama watu. Kati ya pikipiki na watazamaji hapakuwa na kitu ila ukingo wa mbao na ubishi wa bahati.

KWA NINI HAWAKUANGUKA?

Pengine mwanao amekwisha kukuuliza swali hili huku akisoma begani kwako. Ukuta uliolala kwa digrii 50 au 60 ni mkali kuliko ngazi yoyote ya nyumbani. Mtu akijaribu kuupanda kwa miguu atateleza na kurudi chini. Pikipiki iliwezaje kubaki juu yake?

Mpe jaribio hili. Achukue ndoo ndogo yenye maji kidogo, aende nayo uani, aizungushe kwa mkono mpaka ipite juu ya kichwa. Akizungusha kwa kasi, hakuna tone litakalomwagika. Akilegea, ataoga. Maji yanataka kwenda mbele moja kwa moja, lakini kitako cha ndoo kinayazuia na kuyarudisha kwenye duara. Ukuta wa motadromu ulifanya kazi ya kitako hicho cha ndoo. Kwenye kona ya tambarare, tairi la pikipiki iendayo kasi hiyo lingeteleza nje. Kwenye ukuta, mbao zenyewe zilimsukuma mwendeshaji kuelekea katikati ya duara.

Ukipiga hesabu za fizikia, utaona kwamba kwa mwendo wa kilomita 145 katika duara la mita 400, mwendeshaji alikandamizwa kitini kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu ya uzito wake. Kijana wa kilo 60 alijihisi kama kwamba ana kilo 160. Kichwa kilikuwa kizito shingoni, mikono mizito kwenye usukani.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana ndilo kiini cha kisa hiki. Aliyepunguza mwendo, ukuta ulimteremsha chini. Aliyezidisha mwendo ghafla, ukuta ulimpandisha juu. Na huko juu, msomaji, ndiko walikosimama watu.

INJINI ISIYOPUMZIKA

Pikipiki zenyewe ungeziona leo ungedhani ni baiskeli kuukuu iliyobebeshwa injini ya tingatinga. Hazikuwa na breki. Breki za nini, waliuliza mafundi, ilhali mashindano ni ya kwenda mbio? Hazikuwa na klachi wala gia za kubadilisha. Ili kuanza, zilivutwa na pikipiki nyingine mpaka injini ikashika. Hazikuwa na madigadi wala sailensa. Tairi zilikuwa nyembamba, na zilizoea kupasuka.

Hata mafuta hayakuongezwa wala kupunguzwa kwa mkono kama afanyavyo mwenye bodaboda. Injini ilifunguliwa yote tangu mwanzo hadi mwisho. Mwendeshaji alikuwa na kitufe tu kwenye usukani cha kukata moto wa plagi kwa nukta chache. Akikibonyeza, injini inanyamaza. Akikiachia, inanguruma tena kwa nguvu zake zote. Hapakuwa na kati na kati.

Nguvu zenyewe hazikuwa za mchezo. Injini ya Indian yenye valvu nane, iliyotoka mwaka 1911, ilikuwa na ukubwa wa cc 1000 hivi. Linganisha na bodaboda ya cc 150 inayokupeleka kituo cha matatu, utaona kwamba ni karibu mara saba. Isitoshe, injini za zama hizo hazikuwa na njia ya kuyarudisha mafuta ya kulainishia yakiisha kuzunguka. Yalichomwa mengine, na mengine yakatapikwa nje. Yakaanguka wapi? Juu ya mbao zile zile, mbele ya aliyekuwa akija nyuma.

Na akianguka mtu? Mbao zilimchana kwa vibanzi vilivyomwingia mwilini kama sindano. Kofia ya ngozi na sweta ya sufu havikuwa kinga ya lolote.

MASHUJAA WA ZAMA HIZO

Hata hivyo vijana walipanga foleni kuifanya kazi hiyo. Mashindano yalileta fedha nzuri kuliko kazi ya kiwandani, na jina la mshindi lilikuwa kinywani mwa kila mtoto wa mtaa.

Aliyetangulia wote kwa umaarufu alikuwa Jake DeRosier, mzaliwa wa Kanada aliyekimbilia kampuni ya Indian. Mwaka 1911 alipelekwa Uingereza, ambako alipambana na bingwa wa Waingereza, Charlie Collier, katika uwanja wa saruji wa Brooklands. Walishindana mara tatu, na DeRosier akashinda mara mbili. Aliporudi nyumbani hakukaa sana. Alikosana na Indian na kuhamia kwa wapinzani wao, Excelsior wa Chicago.

Machi 1912 huko Los Angeles aligongana na mshindani mwenzake, Charles Balke, aliyepewa jina la utani la Asiyeogopa. Mguu wa DeRosier ulivunjika vibaya. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, na Februari 1913 akafariki mjini Springfield, mji ule ule ilikotengenezwa Indian. Siku ya mazishi, msafara ulipopita karibu na kiwanda cha waajiri wake wa zamani, wafanyakazi walisimamisha kazi kwa heshima yake.

Mwisho wa mwaka 1912, tarehe 30 Desemba, mwenzake wa Excelsior aitwaye Lee Humiston aliingia Playa del Rey na kumaliza maili moja kwa sekunde 36. Hiyo ni maili 100 kwa saa, au kilomita 160. Alikuwa mtu wa kwanza kuandikwa rasmi kwa mwendo huo juu ya pikipiki. Kwa kipimo chetu, ni maradufu ya kilomita 80 ambazo sheria ya Kenya inairuhusu matatu, na yeye hakuwa hata na breki.

JUMAPILI YA NEWARK

Lakini miezi michache kabla ya sifa hizo, mchezo huu ulikuwa umekwisha kupigwa pigo ambalo haukupona.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Septemba 1912. Katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, kulikuwa na motadromu mpya ya robo maili iliyokuwa imefunguliwa Julai ya mwaka huo huo. Maelfu ya watu walijaa. Miongoni mwa washindani alikuwamo Eddie Hasha, kijana kutoka Texas aliyetajwa kuwa miongoni mwa wenye kasi kuliko wote nchini, akiendesha Indian ya valvu nane.

Katikati ya mbio injini ya Hasha ilianza kukohoa. Aliinama na kupeleka mkono chini ili airekebishe huku akiendelea kwenda. Ghafla injini ikashika moto wake wote. Unakumbuka tulilosema kuhusu mwendo unaoongezeka ghafla? Pikipiki ilipanda moja kwa moja mpaka ukingoni.

Na pale ukingoni, msomaji, walikuwapo wavulana walioinama na kutokeza vichwa ili waone vizuri zaidi.

Hasha alikufa. Pikipiki yake iliyosalia bila mtu iliwapiga watazamaji, kisha ikaporomoka ukutani na kumkuta mshindani mwingine, Johnny Albright, ambaye naye alikufa. Watazamaji kadhaa walipoteza maisha, wavulana miongoni mwao, na wengine wengi wakajeruhiwa. Habari hiyo ilichapishwa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la New York Times. Waandishi wa habari walilichezea jina la motadromu kwa Kiingereza chao, wakalifanya lisikike kama uwanja wa mauaji, na jina hilo likaganda.

Ungedhani hilo lingetosha. Tarehe 30 Julai 1913, katika motadromu ya Lagoon mjini Ludlow, jimbo la Kentucky, mwendeshaji Odin Johnson alipanda juu vivyo hivyo na kugonga nguzo ya taa. Tangi la petroli lilipasuka, petroli ikashika moto na kuwamwagikia watu waliokuwa wamesimama karibu. Johnson alikufa, na watazamaji kadhaa wakafa kwa kuungua.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Taa zilizowekwa ili watu waone usiku ndizo zilizogongwa. Ukingo waliousogelea ili waone vizuri ndio uliowaweka njiani. Aliyelipa kiingilio alikuwa amenunua ukaribu na hatari, na hatari ikamfikishia alichonunua.

VITA VYA PANZI

Je, viwanja vilifungwa? Vingine vilifungwa. Newark haikufunguliwa tena kwa mbio hizo. Playa del Rey iliteketea kwa moto mwaka 1913, na yasemekana mwandishi mmoja alifanya mzaha kwamba moto huo uliokoa maisha ya wengi. Lakini mchezo haukufa.

Wahenga walisema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kila Jumatatu baada ya mashindano, kampuni iliyoshinda ilitangaza magazetini kwamba pikipiki yake ndiyo bora. Indian iliuza kwa ushindi, Excelsior ikauza kwa ushindi. Hata Harley-Davidson wa Milwaukee, waliokuwa wamejitenga na mashindano kwa miaka mingi, waliona wateja wakiwakimbia, na mwaka 1914 wakaanzisha idara yao ya mbio. Vijana walikufa kwa zamu, na pikipiki zikauzwa.

Lililobadilika ni ukubwa wa viwanja. Vile vifupi vya robo na theluthi ya maili vilipoteza heshima, na mwaka 1919 waliosimamia mchezo wakapiga marufuku mashindano humo. Mahali pake pakaja viwanja vya maili moja na zaidi, vilivyojengewa magari, ambamo watazamaji walikaa mbali kidogo. Hata hesabu za ujenzi ziliboreshwa. Mhandisi Art Pillsbury, aliyefanya kazi na Prince, aliazima elimu ya wajenzi wa reli, wale wanaojua kuilaza kona polepole ili garimoshi lisitupwe nje. Kwa elimu hiyo ulijengwa uwanja wa Beverly Hills, California, uliofunguliwa mwaka 1920.

Kasi nayo ikazidi kupanda. Februari 1921 huko Fresno, California, Otto Walker wa Harley-Davidson alishinda mbio kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Mwendo ambao Humiston aliuonja kwa maili moja tu sasa ulidumishwa tangu mwanzo hadi mwisho wa mashindano. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo katika mbio za pikipiki.

NGOMA IVUMAYO HAIDUMU

Mwishowe si vifo vilivyouua mchezo huu, bali ni mvua na jua. Mbao hizo hazikufunikwa na paa. Zilinyeshewa, zikakauka, zikapinda, zikaoza. Misumari ilichomoza. Uwanja uliogharimu fedha nyingi ulidumu miaka michache tu kabla ya kuhitaji mbao mpya. Katika siku zake za mwisho, maseremala walijipenyeza chini ya uwanja na kuziba mashimo kutoka chini huku magari yakinguruma juu ya vichwa vyao!

Aidha, mashindano yenyewe yalianza kuchosha. Kwenye mbao, mwenye injini yenye nguvu ndiye aliyeshinda, na watazamaji wakajua matokeo mapema. Miji nayo ilipanuka na ardhi ikapanda bei. Beverly Hills ulibomolewa mwaka 1924, ukiwa na miaka minne tu, na hoteli ya kifahari ikajengwa mahali pake. Gari la bei nafuu la Ford liliwanyang'anya wenye pikipiki wateja. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, hakukuwa tena na mtu wa kununua mbao mpya. Mapema katika miaka ya 1930 ngoma ikanyamaza. Excelsior wenyewe walifunga kiwanda mwaka 1931.

Kilichobaki ni nini basi? Katika maonyesho ya burudani, sehemu mbalimbali za dunia, bado hujengwa pipa kubwa la mbao ambamo mwendesha pikipiki huzunguka ukuta uliosimama wima, watazamaji wakichungulia kutoka juu. Huyo ni mjukuu wa motadromu. Na ukitazama mbio za baiskeli za ndani katika michezo ya Olimpiki, angalia wanakimbilia wapi. Ni juu ya mbao, zilizoinama kwenye kona vile vile. Pikipiki zilikwenda zao, na mbao zikarudi kwa wenyewe.

Jim Davis, aliyeanza kukimbilia Indian mwaka 1916 na kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa mbao, aliishi mpaka mwaka 2000, akafariki akiwa na umri wa miaka 103. Ni wachache waliojaliwa hivyo. Wengi wa wenzake hawakuziona hata mvi.

Ndiyo maana kisa hiki si cha Wamarekani wa zamani peke yao. Kasi ina utamu wake, na hakuna anayeweza kumlaumu kijana kwa kuipenda. Lakini wale wavulana wa Newark hawakuendesha chochote. Walikuja tu kutazama Jumapili alasiri, na kosa lao lilikuwa kutaka kusogea karibu zaidi. Siku utakapowapeleka wanao kutazama mbio za magari au za pikipiki, nao wakuombe wasimame pale kwenye kona penye vumbi ambapo kila mtu anapasukumania, wahadithie habari za ukingo ule. Kisha washike mikono, mrudi nyuma hatua kumi. Mtaona vizuri vile vile.